Sensa za Rivasi Zinaposumbua: Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Seti Nyingine

Peleka gari lenye sensa za nyuma zinazolia ovyo gereji, iwe Unga Limited ya Arusha au Majengo kule Moshi, na jibu la kwanza huwa halibadiliki: "Bosi, sensa zimekufa, leta seti nyingine." Mara nyingi hazijafa. Kosa liko kwenye ethi, yaani waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari, kwenye maungio ya waya wa taa ya rivasi, au kwenye tundu lililotobolewa mahali pabaya. Seti mpya ikiingia kwenye matundu yaleyale na nyaya zilezile italia vilevile, nawe utakuwa umelipa mara mbili.

Tunazungumzia seti ya kawaida ya maduka ya spea: sensa nne, boksi dogo linalokaa ndani ya buti, spika au skrini, waya mwekundu na mweusi wa umeme, na biti ya duara ya kutobolea bampa. Gari ni zile zinazojaa barabarani kwetu, yaani IST, Vitz, Noah, Premio, RAV4, Forester, pamoja na Land Cruiser za watalii ambazo zina matatizo yake ya pekee.

Kila sensa ni spika na sikio kwa pamoja. Hupiga mlio wa kilohezi 40 hivi, ambao binadamu hausikii, kisha husubiri mwangwi. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa ukuta ulio umbali wa mita moja hurudi baada ya milisekunde 6. Lakini uso wa sensa ukishapigwa hautulii papo hapo. Hutetemeka kidogo kama kengele, na wakati huo sensa ni kiziwi. Ndiyo sababu kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 30 hivi hakipimiki vizuri. Chochote kinachorefusha mtetemo huo, iwe tone la maji, tope au tundu linalobana, boksi hulitafsiri kama kitu kilicho karibu sana.

Andaa multimeta (kifaa cha kupimia umeme), bisibisi, tochi, kitambaa kibichi na bomba la PVC la inchi 3 lenye urefu wa mita moja. Bomba hilo ndilo litakalokuwa kizuizi chako cha majaribio. Weka jiwe mbele na nyuma ya tairi, vuta handibreki, zima injini, washa swichi hadi ON, kisha ingiza R. Kwenye otomatiki mtu mmoja akae akikanyaga breki wakati wa kuingiza giya. Injini ikiwa inawaka na giya iko R, hakuna anayesimama nyuma ya gari, hata kama aliye kwenye usukani ni fundi mwenyewe.

Vipimo viwili vya kuanzia

Cha kwanza hakihitaji kifaa. Sehemu ikiwa tulivu na gari likiwa R bila injini, sogeza sikio karibu kabisa na kila sensa. Ile iliyo hai husikika ikigonga haraka haraka, tik-tik-tik, kwa sauti ndogo sana. Mlio wenyewe hausikiki, kinachosikika ni kishindo kidogo cha kila pigo. Sensa isiyogonga ama imekufa, ama waya wake umekatika, ama plagi yake haijaingia.

Cha pili ni kubadilishana plagi kwenye boksi. Matundu ya boksi yameandikwa A, B, C, D au 1 hadi 4. Tuseme skrini inaonyesha C ina shida. Chomoa C na B, kisha uzichomeke kinyume. Shida ikihamia B, mkosaji ni sensa ile, waya wake au mahali ilipokaa. Ikibaki C, boksi ndilo bovu. Dakika mbili tu, na tayari unajua upande wa kufuatilia. Kabla ya kuchomoa, bandika kipande cha tepu kwenye kila waya na uandike herufi yake. Nyaya nne nyeusi zinazofanana zikishachanganyika, kazi ndogo hugeuka kuwa ya nusu siku.

Kimya kabisa, hakuna mlio wala skrini

Tazama kwanza kama taa za rivasi zenyewe zinawaka. Haziwaki? Achana na sensa, nenda kwenye fyuzi. Kwenye Toyota nyingi za zamani fyuzi iliyoandikwa GAUGE hulisha taa za rivasi pamoja na vipimo vya dashibodi, kwa hiyo ikiungua utaona na mishale ya dashibodi imelala. Fyuzi ikiungua tena baada ya kubadilishwa, kuna waya uliobanwa: angalia chini ya bolti za bampa, kwenye bawaba za buti, na pale waya unapopita kwenye bodi bila raba. Bati lililotobolewa bila raba hukata gamba la waya polepole, na barabara ya vumbi yenye mitikisiko huharakisha kazi hiyo.

Taa zikiwaka na boksi likabaki kimya, pima kwenye plagi ya umeme ya boksi. Multimeta iwe kwenye volti za DC. Kati ya mwekundu na mweusi unatakiwa kupata karibu volti za betri, yaani 12 hadi 12.6 injini ikiwa imezimwa, na isipungue zaidi ya nusu volti. Hakuna kitu? Acha pini nyekundu pale ilipo, hamisha nyeusi iguse bati tupu la bodi. Volti 12 zikitokea, ethi ndiyo mbovu. Zisipotokea, maungio ya waya mwekundu hayajashika.

Ethi mbovu ndiyo inayoongoza. Fundi hukaza waya mweusi chini ya skrubu ya kapeti au juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Tafuta bolti inayoingia kwenye bati lenyewe, kwangua rangi kwa msasa hadi uone chuma, funga waya kwa kichwa cha duara, kisha paka grisi kidogo juu ili kutu isiingie. Baadaye pima kati ya waya mweusi wa boksi na bodi mfumo ukiwa umewaka: isizidi volti 0.1.

Upande wa waya mwekundu, vile vibano vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuukwangua ni chanzo cha usumbufu kila mahali. Kibano cha rangi nyekundu ni cha nyaya nyembamba, cha bluu ni cha nene zaidi. Ukitumia cha bluu kwenye waya mwembamba wa taa, meno hayafiki kwenye shaba. Lihimu na gamba la kunyweshwa moto, lile linalobana likipashwa, ni bora. Tepu ya umeme peke yake kwenye joto la Moshi hulainika gundi na kufunguka.

Kosa jingine ni kushika waya wa taa isiyo ya rivasi. Dalili yake haifichiki: sensa zinalia ukikanyaga breki, basi umeshika waya wa breki. Zinalia usiku tu ukiwasha taa, umeshika waya wa taa ndogo. Kuna gari pia zenye taa ya rivasi upande mmoja tu, upande wa pili ikiwa taa ya ukungu, hivyo usikisie kwa kuangalia upande mmoja. Na weka fyuzi ya ampea 1 kwenye waya mwekundu. Boksi zima halitumii hata nusu ampea, hivyo hakuna sababu ya kuhatarisha fyuzi ya gari.

Inalia mfululizo na nyuma hakuna kitu

Hapa ndipo kazi ilipo. Sensa inaona kitu kweli. Swali ni kitu gani. Yapo manne: ardhi, gari lenyewe, uchafu, au mtetemo wake yenyewe.

Kama seti yako ina skrini yenye namba, namba hukupa nusu ya jibu. Ikisimama pale pale, tuseme mita 0.4, gari likisogea au lisisogee, sensa inaona kitu kilichofungwa kwenye gari. Ikicheza kati ya 0.8 na 1.3 na kubadilika sakafu inapobadilika, kimya kwenye lami, kelele kwenye changarawe, inaona ardhi. Ikikwama kwenye namba ya chini kabisa, shuku uchafu, maji au kubanwa.

Bila skrini, toa sensa kwenye tundu na uishike mkononi ikitazama nyuma kwenye uwazi, juu kidogo. Ikinyamaza, sensa ni nzima na mahali pake ndipo pabaya. Ikiendelea kulia mkononi, rudi kwenye kile kipimo cha kubadilishana plagi.

Ardhi huonekana kwa sababu tatu. Ya kwanza ni urefu. Sensa nyingi zinataka kukaa sentimita 50 hadi 65 kutoka chini. Gari dogo kama Vitz bampa lake huvutia kutoboa chini, kwenye ile sehemu nyeusi isiyopakwa rangi ili matundu yasionekane, na hapo mara nyingi ni sentimita 40 tu. Ya pili ni mwinamo. Bampa nyingi zimelala kuelekea chini sehemu ya chini, na sensa iliyosukumwa humo hutazama ardhi moja kwa moja. Inatakiwa itazame nyuma kabisa au ipande nyuzi 5 hivi. Ya tatu ndiyo inayochekesha, maana tiba yake ni kugeuza tu: nyuma ya sensa kuna mshale au neno UP. Mlio wa sensa ni mpana kwenda kushoto na kulia, mwembamba kwenda juu na chini. Ukiifunga kwa ubavu, ule upana unapiga ardhi. Fundi aliyefunga nne bila kutazama mshale ameuza kelele.

Matundu yakiwa yameshatobolewa chini sana, usitoboe mengine papo hapo. Kuna ringi za kuinamisha, ambazo baadhi ya seti huja nazo, zinazoinua uso wa sensa kwa nyuzi 5 au 10. Jaribu kwanza kwa kipande cha raba kilichokatwa mshazari chini ya sensa. Kikinyamazisha, tafuta ringi yenye mwinamo huo.

Kuna gari ambazo hunyamaza zikiwa tupu na kuanza kulia zikibeba mzigo. Mikungu sita ya ndizi au mifuko ya saruji kwenye buti hushusha nyuma, na bampa haliteremki tu, linainama pia, hivyo sensa zinatazama chini. Springi na shokabu zilizochoka hufanya hivyo hivyo hata bila mzigo. Kwa hiyo kabla ya kutoboa gari linalobeba mara kwa mara, weka mzigo wa kawaida kwanza, ndipo upime urefu.

Kuhusu gari kujiona lenyewe: ndoano ya kuvutia trela, fremu ya pleti namba iliyotoka nje, eksozi ndefu ya mapambo, kidato cha kukanyagia, tairi la spea mlangoni. Sensa iliyo karibu na ndoano huiona kila wakati. Iondoe ndoano kama inafunguka, ujaribu tena. Kama haifunguki, sensa mbili za kati zisogezwe mbali nayo. Nafasi ya sentimita 30 hadi 40 kati ya sensa na sensa bado inafunika nyuma yote.

Bampa la chuma ni habari nyingine. Land Cruiser za safari na pikapu zilizofungiwa bampa la kuchomelea husumbua hata kama vipimo vyote ni sahihi, kwa sababu chuma hubeba mtetemo kutoka sensa moja hadi nyingine. Seti zake zina raba nene inayoizunguka sensa isiguse chuma hata kidogo. Bila raba hiyo hakuna marekebisho mengine yatakayosaidia. Kingo za tundu zisuguliwe zisiwe na ncha, zipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo raba iingie.

Hata bampa la plastiki linaweza kubana. Seti nyingi zinataka tundu la milimita 22, lakini nyingine ni 18 au 20, na usitumie biti nyingine kwa sababu tu ukubwa wake unakaribiana. Pima sensa, pima biti. Tundu dogo hukamua sensa na kurefusha mtetemo. Kubwa huiacha ikicheza, na mafundi huijaza silikoni, ambayo ikigusa uso wa sensa huleta kelele upya. Mabaki ya plastiki ukingoni yakatwe kwa wembe. Rangi nayo: ukitaka sensa zifanane na gari, paka kwa kupuliza, nyembamba, bila puti. Uso ulionenepa rangi hutetemeka vibaya na kusikia vibaya.

Mvua, matope na kuosha gari

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, malalamiko huongezeka. Tone lililoganda usoni mwa sensa huongeza uzito na mtetemo hurefuka, basi inalia. Futa kwa kitambaa. Ikinyamaza hakuna cha kutengeneza. Tope la njia za pembeni za Njiro au Pasua likikauka ni hivyo hivyo, ila lioshe kwa maji, usilikwangue kwa ukucha wala brashi ya waya.

Ikiendelea kulia au ikawa kimya saa nzima baada ya kukauka, maji yameingia kwenye plagi. Seti nyingi zina plagi ya katikati inayokaa ndani ya bampa, na presha ya maji ya kuoshea ikielekezwa hapo kwa karibu hupenya. Fungua, kausha, angalia kama pini zimeota kijani. Paka grisi ya umeme, funga kwa gamba la kunyweshwa moto, ining'inize plagi ikitazama chini, na uache waya upinde kama herufi U kabla ya kuingia ndani ili maji yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye boksi.

Baridi ya Julai ya Arusha husingiziwa bure. Sauti hupungua kasi kwenye hewa baridi, lakini kati ya nyuzi 10 na 28 tofauti ni kama asilimia 3, sawa na sentimita 5 kwenye mita moja na nusu. Asubuhi kinacholiza sensa ni umande.

Inalia ghafla kisha inaacha

Angalia uko wapi inapotokea. Karibu na malori yanayoachia breki za upepo, mlio ule wa hewa una sauti za juu ambazo sensa husikia kama mwangwi. Gari jirani lenye sensa zake likirudi nyuma sambamba nawe hufanya vivyo hivyo. Huko si kuharibika.

Ikitokea popote, shuku umeme. Tikisa waya mmoja mmoja mfumo ukiwa umewaka hadi upate unaoleta kukatika. Tazama kama waya za sensa zimefungwa fungu moja na waya wa umeme au wa antena, zitenganishe. Waya uliozidi ukunje kwa mzunguko mpana na uufunge mbali na umeme. Usiukate kuufupisha, kwa kuwa wa seti nyingi una utando wa kukinga ndani yake na kiungo cha mkono huuvunja.

Balbu za rivasi zilizobadilishwa kuwa LED za bei rahisi nazo hutoa kelele ya umeme. Rudisha balbu ya kawaida kwa jaribio moja tu. Kwa BMW, Mercedes na Volkswagen za karibuni, kompyuta ya gari hupima balbu kwa mipigo mifupi au huendesha taa kwa umeme wa kukatakata, na boksi huwaka na kuzima. Zinahitaji kichujio chenye diodi na kapasita kati ya waya wa taa na boksi. Kapasita huziba mapengo ya mipigo.

Skrini inaonyesha kushoto, kitu kiko kulia

Plagi zimepishana. Simamisha bomba la PVC mbele ya kila sensa, umbali wa nusu mita, ukianzia kushoto, uone herufi ipi inaitika. Panga upya kwenye boksi. Spika ikiwa kimya na skrini inafanya kazi, tafuta swichi ndogo ya sauti nyuma ya skrini au kwenye boksi kabla ya kufungua chochote.

Haikulia, na gari limegonga

Hapa inafaa kusema ukweli kuhusu kifaa. Sensa haioni mtaro. Mwangwi haurudi kutoka kwenye shimo, na mitaro ya wazi ya Arusha na Moshi imeshameza tairi za nyuma za madereva waliokuwa wakisubiri mlio. Haioni vizuri nondo moja iliyosimama, wavu wa senyenge, mgomba mchanga, mtu aliyevaa koti zito la sufi, wala ukuta laini uliokaa mshazari unaorusha mwangwi pembeni. Kingo ya chini ya sentimita 30 hupita chini ya mlio. Na kitu kikishaingia ndani ya zile sentimita 30 za ukiziwi, mlio unaweza hata kukoma. Mlio ukishakuwa mmoja usiokatika, gari lisimame.

Ikiwa haioni hata bomba la PVC, sensa zimeinuka mno au ziko juu ya sentimita 70, au zimefunikwa rangi nene. Pima pia kona: sensa za pembeni zikae sentimita 8 hadi 13 kutoka mwisho wa sehemu iliyonyooka ya bampa. Zikiingia ndani zaidi kona zinabaki tupu. Zikivuka kwenye mpindo zinatazama magari ya pembeni na kulia kila ukiegesha.

Ukishamaliza, jaribu kwa mpango. Chora mistari ya chaki chini, sentimita 30, 60, 100 na 150 kutoka kwenye bampa, na upitishe bomba likiwa wima kutoka kushoto hadi kulia kwenye kila mstari. Andika palipo kimya. Rudia gari likiwa na mzigo, na mara nyingine uso wa sensa ukiwa umelowa. Pengo la upana wa kiganja kati ya sensa mbili kwenye mstari wa 30 ni la kawaida. Kwenye mstari wa 60 halikubaliki, na sensa hizo mbili zinahitaji kugeuzwa au kusogezwa.